Waliong'olewa Waya

Watu wengi hufumba macho wanapoonja kitu kitamu. Mwalimu wa kwaya yetu alifumba macho mtu alipokosea. Tulisimama mbele yake katika ukumbi wa kanisa, safu nne, naye ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto. Kosa lilipotokea, hata likiwa dogo namna gani, kope zake zilishuka taratibu na uso wake ukalegea kwa namna ambayo, kwa mtu mwingine, ningeiita raha. Alipofumbua macho alikuwa tayari anamtazama mhusika. Katika miaka yote niliyoimba besi chini ya mkono wake, sikumwona hata mara moja akimtazama mtu asiye na hatia. Hilo lazima lisemwe mapema, kwa sababu mengine nitakayoyasema hayatamfaa.

Hakutuita kwa majina. Aliwajua watoto wetu wote kwa majina yao, na hata ng'ombe wa baadhi yetu, lakini sisi wenyewe tulikuwa Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu na Wa Nne, kulingana na sauti tulizoimba. Palipohitajika kutofautisha, aliongeza alama: Wa Pili mwenye miwani, Wa Tatu anayetoka Bahati, Wa Kwanza anayetembea kama bata. Mwanamke mmoja mgeni alimwambia kwa upole kwamba yeye amebatizwa na ana jina.

"Jina ni la nyumbani," Mwalimu akamjibu. "Hapa umekuja na koo tu."

Alikuwa amefundisha hisabati katika shule ya upili kabla ya kustaafu, na nadhani ndiko alikotoa imani kwamba kila kosa lina mwenyewe. Katika kundi, alisema, kosa lina mahali pa kujificha, kama panya kwenye ghala. Kazi ya mwalimu ni kuhamisha gunia moja baada ya jingine mpaka panya abaki peke yake sakafuni. Alipenda sana kusema hivyo, na alipenda zaidi kuhamisha magunia. Tukikosea kama kundi, alimtaka kila mmoja aimbe peke yake, mbele ya wengine wote, mpaka panya apatikane. Waliokwisha kuimba bila kosa waliruhusiwa kuketi. Kwa hiyo mwisho alibaki amesimama mtu mmoja, na sote, tukiwa tumeketi kwa starehe, tulimtazama.

Siku moja tulirudi kutoka mashindano ya Naivasha tukiwa wa pili. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, mtu mzima mwenye duka la mbegu, alikuwa ameingia kabla ya wenzake, na kosa lake lilisikika hadi kwenye meza ya waamuzi. Tulisimama Kikopey kula nyama, kama tulivyoahidiwa. Mbuzi alipokwisha kukatwa juu ya ubao na kachumbari kuletwa, Mwalimu alimwita yule mtu, akamsimamisha kando ya meza.

"Wa Tatu, wewe leo ulitutangulia kuimba. Sasa utatufuata kula."

"Sawa, Mwalimu."

"Utangoja hapo. Tunakufundisha kungoja."

Watu walicheka, hata wageni wa meza za jirani waliokuwa hawajui habari yenyewe.

"Hata mfupa, Mwalimu?" yule mtu akauliza, akicheka pia, kicheko cha mtu anayetaka ionekane kwamba amekubali.

"Mfupa utaingia kwa zamu yake. Usiuharakishe."

Alisimama hapo mpaka tulipomaliza, mafuta yakaganda juu ya ubao, kisha akala yaliyobaki huku dereva akipiga honi. Hakuingia mapema tena maishani mwake. Mwaka uliofuata tulikuwa wa kwanza. Hapo ndipo ugumu wa kumhukumu Mwalimu ulipoanzia, kwa kuwa ukatili wake ulizaa matunda, nasi tuliyala.

Tena alikuwa mwema, na wema wake haukuwa wa kuigiza. Msiba ulipotokea, yeye alikuwa wa kwanza kufika, na hakufika kwa mikono mitupu wala kwa maneno. Alifika na viti vya kanisa amevipakia kwenye pikapu yake, akavishusha mwenyewe, akavipanga kwa mistari iliyonyooka. Familia isiyokuwa na watu iliimbiwa na kwaya nzima, kwa sare kamili, kana kwamba tunamzika askofu. Wagonjwa aliwapelekea uji kwenye chupa, nao uji aliupika mwenyewe kwa kuwa hakuamini kwamba mkewe anaukoroga vya kutosha. Aliyetukanwa Jumamosi ukumbini aliweza kumkuta Mwalimu kwake Jumatatu, ameleta mtu wa kutibu ng'ombe. Hakuona mgongano wowote. Nilipomuuliza mara moja, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ng'ombe wake hajaimba vibaya," alisema.

Misemo yake mingi ilihusu pumzi. "Pumzi ni tabia" ndio aliourudia kuliko yote. Aliamini kwamba mtu asiyeweza kufikisha mstari mwisho hawezi kufikisha mwisho jambo lolote: ua wa shamba, ndoa, wala mfungo. Aliposikia mtu amekatisha mstari katikati ili avute hewa, hakusema kwamba amechoka au kwamba anaumwa. Alisema, "Huyu ndivyo alivyo." Na kwa kuwa alisema hivyo baada ya kumsikiliza mtu kwa makini kuliko alivyosikilizwa na mtu mwingine yeyote, wengi walimwamini.

Ndipo ikaja kompyuta. Parokia ilitaka zaburi na nyimbo zetu za mazishi zirekodiwe, na Mwalimu hakutaka kusikia habari za studio za mjini, ambako, kwa maneno yake, vijana wenye kofia wanageuza mbuzi kuwa ndege. Alinunua kompyuta ya kukunjwa iliyokwisha kutumiwa na wengine, maikrofoni moja nzuri, na kisanduku cha kuunganisha viwili hivyo. Nyumba yake ilikuwa Lanet, ya mawe, yenye stoo ya mahindi upande wa nyuma. Aliondoa mahindi, akasimamisha magodoro kwenye kuta zote, akaning'iniza mablanketi mlangoni, na kuanzia hapo kila Jumamosi alasiri tulirekodi huko, mmoja mmoja, wengine wakingoja sebuleni.

Sebuleni palikuwa na spika mbili kubwa. Kila aliyemaliza kuimba alikuja kusimama katikati ya zulia, na alichokiimba kikachezwa kwa sauti ya juu, wote wakisikiliza. Mwalimu alikiita kikao hicho "kusikizana". Alitaka kila mtu ajue sauti yake inavyofika nje. Nilipata kuona watu wazima, wazazi, wenye mashamba na wafanyakazi wao, wakisimama juu ya zulia lile kama watoto waliochelewa shule.

Mara tu tulipoanza, mashine ilionyesha ugonjwa. Katika baadhi ya rekodi sauti ilikatika: neno linakwenda vizuri, kisha panatokea tobo fupi, kama mtu aliyefunikwa mdomo na kuachiliwa, kisha neno linaendelea. Mwalimu, na hili nalisema kwa haki, hakuwalaumu watu mwanzoni. Aliutafuta ugonjwa kama mwanahisabati. Alibadilisha waya wa maikrofoni. Alihamisha kisanduku kutoka tundu moja la kompyuta hadi jingine. Simu zetu zote zilikusanywa kwenye karai na kupelekwa jikoni. Friji ya mkewe ilizimwa, maziwa yakaganda. Kuku walifukuzwa juu ya mabati. Alifunga kila programu isiyohitajika, akakata intaneti, akaweka feni ndogo chini ya mashine ili isipate joto. Baada ya kila badiliko alirekodi tena na kulinganisha, jambo moja kwa wakati mmoja, jinsi inavyopasa.

Alipokwisha kuyajaribu hayo yote aligundua kitu ambacho kilionekana kuwa jibu. Matobo hayakuwapata watu wote. Wenye sauti kubwa walirekodiwa wakiwa wazima mwanzo hadi mwisho. Wenye sauti ndogo ndio waliokatika, tena walikatika kila walipojaribu. Mashine ile ile, waya ule ule, chumba kile kile. Kilichobadilika ni mtu. Kwa akili ya Mwalimu hesabu ilikuwa imekwisha.

"Mashine haimjui mtu," alitutangazia sebuleni. "Haina shemeji wala jirani. Ikisema umekatika, umekatika."

Sasa lazima nieleze desturi moja ya chumba kile, kwa maana kila kitu kinasimama juu yake. Nyumba haikuwa na waya wa ardhini, na chaja ya kompyuta, ikiwa imechomekwa kwenye soketi, iliingiza mvumo mwembamba ndani ya rekodi, kama nyuki aliye mbali. Chini ya sauti kubwa mvumo huo haukusikika. Chini ya sauti ndogo ulisikika wazi. Kwa hiyo mwimbaji mwenye sauti ndogo alipokaribia maikrofoni, Mwalimu alimwambia yeyote aliyekaa karibu na ukuta: "Ng'oa waya." Chaja iling'olewa, mvumo ukanyamaza, kompyuta ikaendelea kwa betri yake. Alipokuja mwenye sauti kubwa, waya ulirudishwa.

Haikuchukua muda kabla maneno hayo hayajawa hukumu. "Kung'olewa waya" kulimaanisha kwamba Mwalimu amekupima akakuona mdogo. Vijana walitaniana kwa maneno hayo hata nje ya kanisa. Msichana alipomkataa mmoja wao, wenzake walimwambia, "Niaje, boss, naskia umeng'olewa waya!" Na kwa kuwa kila aliyeng'olewa waya alikatika, na kila aliyekatika mara tatu aliondolewa katika rekodi, baadhi ya wanakwaya walianza kupiga kelele mbele ya maikrofoni kama wauza nyanya, ili tu waachiwe waya wao. Wengine, wale wasioweza kupiga kelele, waliacha kuja. Mwalimu hakuwafuata. "Pumzi imesema," alisema.

Mwanamke mmoja hakuacha kuja. Alikuwa Mama Nyokabi, mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa kule Bahati, mwimbaji wa sauti ya pili tangu kabla sijajiunga. Yeye ndiye aliyeongoza zaburi ya jioni, ile tuliyoiimba kaburini mchanga ukishaingia. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama maji yanayopita chini ya majani. Ulilazimika kunyamaza ndipo uisikie, na watu makaburini walinyamaza. Katika miaka hiyo rovu lilikuwa limeota shingoni mwake, akalifunika kwa kitambaa. Daktari alimwambia kwamba lazima likatwe, kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na kisu, na kwamba huenda akatoka akiwa mzima lakini bila sauti aliyoingia nayo. Alikuwa akingoja kitanda hospitalini. Alimweleza Mwalimu mbele yetu, bila kulia.

"Nataka tu hiyo zaburi ishikwe kabla sijaenda. Nikitoka huko nikiwa bubu, angalau wajukuu wajue nilikuwa naimba."

"Haya," Mwalimu akasema. "Jumamosi."

Nilikuwa ndani ya stoo Jumamosi hiyo, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kufuatilia maneno ya zaburi na kuonyesha kwa kidole panapokosewa. Mama Nyokabi alisimama mbele ya maikrofoni, akafungua kitambaa shingoni ili apate nafasi. Mwalimu akasema, "Ng'oa waya." Nikaung'oa mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu na ukuta. Akaimba. Nimesikia zaburi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sijaisikia ikiimbwa vile. Hakukosea neno. Hakuvuta hewa mahali pasipostahili.

Sebuleni, juu ya zulia, spika zilitoa zaburi iliyotobolewa kama ungo. "Bwana, mchana ume–" kisha kimya, kisha "–a, nasi tu–" kisha kimya. Wasichana wawili wa sauti ya kwanza walianza kucheka, wakazibana midomo, wakacheka zaidi.

"Wa Pili," Mwalimu akasema, "hiyo pumzi umeiacha wapi? Kwa ng'ombe?"

"Nimeimba yote, Mwalimu. Haki ya Mungu. Muulize huyu mzee, alikuwa hapo."

"Ameimba yote," nikasema.

"Wa Nne anasikia maneno. Mashine inasikia pumzi."

"Basi mashine imedanganya," akasema Mama Nyokabi.

"Haijui hata wewe ni nani. Itakudanganyia nini?"

Akaimba tena, na mara ya tatu akaimba kwa nguvu mpaka mishipa ikatokeza kandokando ya rovu, na sauti yake, iliyolazimishwa, ikapoteza ule uzuri wake, na matobo yakabaki pale pale. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha kidole, akaelekeza shingoni mwake, watu wote wakitazama.

"Ni hiyo kitu. Imeshakula pumzi. Hakuna haja ya kungoja daktari, Mama. Wewe umeshanyamaza, ni vile hujaambiwa."

Mama Nyokabi akafunga kitambaa. Mikono yake ilikuwa imetulia, na fundo akalifunga vizuri.

Zaburi akapewa Cherono, msichana wa sauti ya kwanza aliyefundisha chekechea, mwenye sauti iliyoweza kuvuka barabara kuu. Na kwa kuwa Cherono hakuijua vizuri, Mwalimu alimwamuru Mama Nyokabi amfundishe. Alifanya hivyo. Jumamosi mbili tatu nilimwona ameketi na msichana huyo kwenye ngazi za nyuma, akimwonyesha kwa mkono mahali pa kupanda na mahali pa kushuka, na hasa mahali pa kuvuta hewa bila mtu kujua.

"Hapa usivute, Cherono. Ngoja neno liishe."

"Lakini Mama, si ni mbali?"

"Ni mbali. Lakini unafika."

Siku ya kumrekodi Cherono nilikuwa tena mahali pangu. Waya ulikuwa kwenye soketi, kama ilivyowafaa wenye sauti kubwa. Alikuwa katikati ya ubeti wa pili, akiimba vizuri sana, wakati stima ilipopotea mtaa mzima. Taa ilizimika. Kompyuta haikuzimika, ilikuwa na betri, na Mwalimu, ambaye hakupenda kukatisha wimbo mzuri, alimpungia mkono aendelee. Akaendelea kwa mwanga wa skrini hadi mwisho. Spika za sebuleni zilikuwa hazina stima, kwa hiyo tulisikiliza pale pale stoo, kupitia kompyuta yenyewe. Ubeti wa kwanza ulikuwa mzima. Nusu ya wa pili ilikuwa nzima. Kuanzia hapo sauti ya Cherono ilitobolewa matobo yale yale, marefu kwa urefu ule ule, kama ya Mama Nyokabi.

"Haki, Mwalimu, mimi sijakata," Cherono akasema. "Si ulikuwa unaniangalia?"

Mwalimu hakufumba macho. Alitazama kona ya chini ya skrini kwa muda, kisha akatazama soketi iliyokufa, kisha akasema, kwa upole ambao sikuuzoea, kwamba leo tumechoka, twende nyumbani.

Sikuelewa siku hiyo. Nilielewa muda mrefu baadaye, nilipokuwa nikirekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi walio mbali, nikaona sauti yangu mwenyewe ikitoboka, nami nikaketi kutafuta sababu. Sauti huingia kwenye kompyuta kwa vipande vidogo, kama maziwa yanavyofika kwenye kituo cha kukusanyia asubuhi. Kila kipande humiminwa ndani ya chombo na kungoja kuchukuliwa. Mchukuaji akichelewa, chombo hujaa, na kinachofuata humwagika chini. Hakuna wa kukizoa. Kompyuta ikiwa kwenye umeme, mchukuaji huenda mbio. Ikiachwa kwenye betri, nyingi hujipunguzia kasi zenyewe ili betri idumu, na mchukuaji huanza kutembea. Dawa yake ni ndogo: unaiamuru mashine isipunguze kasi, na unakipanua chombo. Nilifanya hivyo, matobo yakaisha. Nikabaki nimeketi mbele ya skrini nikimkumbuka kila mtu niliyemng'olea waya.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wenye sauti ndogo waling'olewa waya ili wasivumiwe na nyuki. Kwa kung'olewa waya walirekodiwa na mashine iliyokuwa imesinzia. Mashine iliyosinzia iliwamwaga. Na Mwalimu akaja sebuleni na kusema kwamba hawana pumzi. Angemng'olea waya mwenye sauti kubwa mara moja tu, kwa makusudi, angejua. Ilikuwa hesabu nyepesi kwake. Hakuifanya kwa sababu, kwa maoni yake, mwenye sauti kubwa hakuwa na jambo la kuchunguzwa.

Lakini baada ya siku ile ya stima alijua. Nayasema haya kwa yale niliyoyaona kwa macho. Jumamosi iliyofuata alisema "Ng'oa waya" kama kawaida, waya ukang'olewa, na mtu mwenye sauti kama ya mbu akarekodiwa bila tobo hata moja. Hakuna aliyekatika tena tangu hapo. Wanakwaya walishukuru, mmoja akasema mashine imeombewa. Mwalimu akasema, "Naona sasa mmejifunza pumzi."

Na Mama Nyokabi alikuwepo sebuleni siku hiyo. Kitanda kilikuwa hakijapatikana. Alikuwa amekuja kumsindikiza Cherono, ambaye alikuwa amekwisha kuirudia zaburi ikatoka nzima.

"Mwalimu," alisema, "naona leo mashine iko na roho nzuri. Nijaribu tena mara moja tu?"

"Zaburi imeshafungwa, Wa Pili."

"Hata bila kuiweka na zingine. Yangu tu."

"Imefungwa, Mama. Tusirudi nyuma."

Muda mfupi baadaye akaitwa hospitalini. Mwalimu alimtembelea kila siku akiwa na chupa ya uji, akamshikia kikombe, akagombana na wauguzi kuhusu mto wake. Kisu hakikumwonea huruma. Alirudi nyumbani na mkwaruzo tu mahali palipokuwa na sauti, kama kiatu kinachoburutwa kwenye changarawe. Jumapili ya kwanza aliyoweza kusimama alikuja kwenye safu ya sauti ya pili, akawa anasogeza midomo pamoja na wengine. Mwalimu alisimamisha wimbo.

"Wa Pili, kaa chini. Kwaya si maandamano."

Nilipokwisha kuelewa habari ya chaja nilikwenda Bahati kumwambia. Sikujua kama ni wema au la, lakini niliona kwamba habari hiyo ni mali yake. Alinisikiliza akikamua, paji la uso limeegemea ubavuni mwa ng'ombe. Alipomaliza alifunika ndoo.

"Kwa hivyo pumzi nilikuwa nayo," alinong'ona.

"Ulikuwa nayo yote."

"Twende kwa Mwalimu. Anipe ile yenye mashimo. Hivyo hivyo ilivyo."

Tulimkuta akipogoa miparachichi nyuma ya nyumba. Wakati huo alikuwa ameiacha kwaya kwa hiari yake, akiwa na afya njema, mwenye mwili wa kutosha, na mtoto wa dada yake akilala katika ile stoo. Alitukaribisha kwenye benchi, akafurahi kutuona. Alimwuliza Mama Nyokabi habari za ng'ombe. Mimi ndiye niliyesema tulichojia, nikaeleza habari ya betri tangu mwanzo, kwa uangalifu, nikidhani namfundisha. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyekuja na jibu sahihi baada ya kengele.

"Ilikuwa siku ya stima," akasema. "Niliona alama ya betri. Nikajaribu mwenyewe mlipoondoka, nikiimba."

"Kabla sijaenda hospitali," Mama Nyokabi akasema.

"Kabla."

"Na ulinikataza."

"Ningekuita wewe ningelazimika kuwaita wote. Wale walioacha, wale waliochekwa. Kwaya ingekufa. Mwalimu aliyekosea mara moja namna hiyo hawezi tena kumwambia mtu kitu." Alisema hayo bila kuinua sauti wala kuishusha. "Nilipima, nikaona wewe mmoja ni hasara ndogo."

Kisha Mama Nyokabi akaomba ile rekodi yenye mashimo.

"Haiko. Mashine ilikuwa imejaa, na ikijaa pia inakata. Ilibidi nipunguze faili. Nilianza na zilizokatika."

"Ulisikiza kwanza?"

"Nilisikiza. Sifuti kitu bila kukisikiza."

"Ilikuwa aje?"

Nilitamani asijibu. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kuficha tokeo la mtihani. Alifikiri kidogo, akitafuta usahihi.

"Pale sauti ilikuwa, ilikuwa imempita Cherono mbali. Imenipita mimi. Sijasikia nyingine hivyo."

"Utasema hivyo kanisani?"

"Hapana."

Mama Nyokabi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba ofisi imefungwa. Alikuwa ameshika mfuko wake mapajani. Kisha, bila kusimama, alianza zaburi ya jioni, kwa ule mkwaruzo uliobaki. Palikuwa na hewa nyingi na sauti kidogo. Maneno yalitoka moja moja, na kila moja alilifikisha mwisho. Alimaliza ubeti wa kwanza. Sikuthubutu kumtazama, nilimtazama Mwalimu, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeinama, mkasi wa kupogolea ukiwa bado mkononi.

"Umeanzia chini sana," alisema Mwalimu.

"Ni huko tu kumebaki, Mwalimu," akajibu, na akaingia ubeti wa pili.